Mdudu Asiye na Sauti

Kasanga ipo mwisho wa nchi. Anayeshuka kutoka Sumbawanga huuacha uwanda wa juu wa Ufipa, ambako asubuhi mtu hujitanda shuka kwa baridi, akateremka hadi kwenye joto la Ziwa Tanganyika. Mbele yake ni maji. Kushoto kwake ni mpaka wa Zambia na maporomoko ya mto Kalambo. Karibu na ziwa yamebaki magofu ya boma la Wajerumani, ambao walipaita mahali hapo Bismarckburg mpaka Waingereza walipoliteka boma hilo mwezi Juni 1916.

Mimi ni mtu wa kisiwani, na sikwenda Kasanga kutazama boma. Nilichukua bahasha yenye nakala za michoro ya kale ya wadudu, ile iliyochongwa kwa ncha ya chuma juu ya bamba la shaba au kipande cha mti, kisha ikapigwa chapa katika vitabu vya Ulaya tangu karne ya 17 hadi ya 19. Nilikusudia kuihakiki kama tunavyohakiki tungo: inasema nini, inasemaje, na inanyamazia nini. Niliona si haki kuifanya kazi hiyo mezani mjini, mahali ambapo mtu hawajui wadudu ila mbu na kombamwiko.

Jioni moja nilimkuta mzee mvuvi akirekebisha nyavu kando ya taa. Wenziwe walikuwa wakitayarisha karabai za kuvulia dagaa, na wadudu walikwisha kuzizunguka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo karatasi ni za nini?"

Nikamwonyesha picha ya nyenje, mabawa yametandazwa, kila mshipa wa bawa unahesabika. Aliisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ni nyenje," akasema. "Lakini amekufa."

Nikamjibu kuwa ni picha tu.

"Najua ni picha. Nasema, aliyemchora alimwona akiwa amekufa. Nyenje aliye hai humwoni. Unamsikia."

Makala haya yote ni jaribio la kulipima neno la mzee yule. Je, alisema kweli? Na kama alisema kweli, kosa ni la mchoraji peke yake?

Tuanze na sifa, kwa sababu sifa inastahiki. Wasomaji wa Unguja na Lamu wanaijua kazi ya nakshi. Fundi wa milango akishaitia patasi yake katika ubao hana njia ya kurudi nyuma. Fundi wa bamba la shaba naye alikuwa hivyo. Alisukuma kalamu ya chuma iliyochongoka juu ya shaba iliyosuguliwa, akachimba mistari myembamba kama unywele. Bamba likapakwa wino, likafutwa usoni ili wino usalie ndani ya mifereji tu, likafunikwa kwa karatasi yenye unyevu, likabanwa kwa nguvu, na karatasi ikaunywa wino. Katika kipande cha mti mambo ni kinyume chake: panapochimbwa hubaki peupe, na panapoachwa ndipo panapopokea wino. Kwa shaba au kwa mti, fundi alilazimika kuchora kulia kuwa kushoto, kwa kuwa chapa hugeuza. Mdudu alimfaa sana fundi huyo, maana mbawakawa aliyetandazwa ana pande mbili zinazolingana, ukimgeuza hadhuriki.

Fundi huyo hakuwa na kivuli wala weusi wa bure. Giza la tumbo la mbawakawa alilipata kwa kukaribianisha mistari, na mng'ao wa gamba lake kwa kuiachanisha. Hapo ndipo ninapomwona ni ndugu wa mtunzi wa mashairi ya arudhi. Mtunzi hawezi kuongeza mizani kwa kuwa tu jambo lake ni kubwa. Hana budi kulibana ndani ya mizani alizonazo. Mwingereza Robert Hooke alipotoa kitabu chake *Micrographia* mwaka 1665, alimchora kiroboto kwenye karatasi ya kukunjwa, kubwa kuliko kitabu chenyewe. Kiumbe ambaye watu walimjua kwa kujikuna tu akatokea na magamba, miiba na miguu ya kurukia, mithili ya askari aliyevaa deraya. Msomaji aliyelifunua karatasi hilo alipata kile tunachokitaka katika kila utungo: kukiona upya alichodhani anakijua.

Hiyo ndiyo heshima yake. Sasa tuutazame ukimya wake.

Mwaka 1781 Henry Smeathman, aliyekuwa ameishi Sierra Leone, alichapisha London maelezo yake kuhusu mchwa katika jarida la jumuiya ya wanasayansi wa kifalme. Michoro iliyofuatana nayo ilipata sifa kubwa. Kichuguu kimepasuliwa kama papai, vyumba na njia za ndani zinaonekana, na malkia mwenye tumbo lililofura amewekwa mahali pake. Lakini Smeathman aliandika jambo ambalo mchoro haukuweza kulibeba: kwamba askari wa mchwa hugonga kwa taya zao wakatoa mlio mdogo, na wafanyakazi huujibu. Mlio huo umo katika maneno yake. Katika shaba haumo.

Karibu na zama hizo hizo, mwambao wa Waswahili ulikuwa na mchoraji wake, naye hakutumia shaba. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa *Al-Inkishafi*, alipotaka kutuonyesha majumba ya matajiri yaliyogeuka mahame, hakueleza umbo la mdudu yeyote. Alitusikilizisha. Pale palipokuwa na mazungumzo ya waungwana panavuma mende, na katika kumbi za mapokezi wanalia nyenje. Hatujui mende wale walikuwa na mishipa mingapi ya bawa. Tunajua kwamba nyumba imekufa, na tumelijua hilo kwa masikio. Sauti ya mdudu imekuwa kipimo cha kutoweka kwa sauti ya mwanadamu. Hakuna bamba la shaba litakaloweza jambo hilo, hata fundi wake awe hodari namna gani.

Kwa watu wa pwani hili si geni. Tuliolelewa vyuoni tulimjua sisimizi kabla ya kumsoma skuli: yule aliyewaonya wenziwe waingie majumbani mwao lisije jeshi la Nabii Sulaiman likawaponda. Tulimjua kwa kauli yake, na kauli hiyo ilimfanya nabii atabasamu. Mzee wa Kasanga, kwa hiyo, hakuwa akitoa maoni yake binafsi. Alisema kutoka katika utamaduni mzima unaomjua mdudu kwa sikio kwanza.

Ukimya ni kasoro ya kwanza. Ya pili ni weupe wa karatasi.

Katika miaka ya 1883 na 1884 Mskoti Henry Drummond alisafiri katika nchi iliyo kati ya Nyasa na Tanganyika, ambayo ni jirani ya karibu ya Ufipa. Katika kitabu chake *Tropical Africa* cha mwaka 1888 anasimulia kwamba siku moja alisimama kwenye majani makavu, na mmoja wa watu wake akapiga ukelele, "Chirombo!", akimwonyesha kidole. Drummond akatafuta mnyama, asimwone. Alichokiona ni unyasi mmoja tu uliodondokea juu ya koti lake. Unyasi ule ndio uliokuwa mdudu. Mtaalamu aliyekuja kutafuta viumbe alivikwa kiumbe asikitambue. Aliyemtambua ni mpagazi, ambaye jina lake msimulizi hakututajia.

Sasa mchukue mdudu huyo, umlaze juu ya karatasi nyeupe, umchonge kwenye shaba. Utapata miguu yake sita, kiwiliwili chake na vipapasio vyake, kila kimoja kwa usahihi. Utapoteza jambo moja tu, nalo ndilo hasa alilokuwa nalo: kutoonekana. Ubora wote wa kiumbe yule ulikuwa katika uhusiano wake na majani yaliyomzunguka. Juu ya weupe hakuna anayejificha. Mchoro unadai kutuonyesha mdudu, kumbe umetuonyesha mdudu aliyenyang'anywa kazi yake.

Mfano mkubwa zaidi uko Ufipa kwenyewe. Chini ya ukingo wa pili wa uwanda ule, upande wa mashariki, liko bonde la Ziwa Rukwa, ambalo ni miongoni mwa maeneo machache yanayojulikana kuwa mazalio ya nzige mwekundu. Mfaransa Audinet-Serville alimpa nzige huyo jina la kitaalamu mwaka 1838, jina lenye maana ya "mwenye mistari saba". Ni jina la mtu aliyemtazama mmoja kwa makini. Lakini nzige hakai mmoja. Kati ya mwaka 1930 na 1944 baa la nzige mwekundu lilienea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta, na wachunguzi walipoufuata mkondo wake nyuma walifika Rukwa na mabwawa ya Mweru wa Ntipa. Ndiyo sababu mwaka 1949 shirika la kimataifa la kupambana na nzige huyo lilianzishwa Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, ng'ambo ya mpaka kutoka Kasanga. Mwaka 2009 nzige walipozidi tena Rukwa, Katavi na bonde la Malagarasi, walinyunyiziwa kuvu inayowaua wao.

Mwaka 1921 Boris Uvarov alieleza kwamba nzige wa makundi na panzi mpweke wa majanini wanaweza kuwa mdudu mmoja katika hali mbili. Msongamano ndio unaombadilisha rangi, umbo na tabia. Lugha yetu ilikwisha kuwa na maneno mawili. Panzi ni yule wa mmojammoja, ambaye tunamtania kwa kusema vita vyake ni furaha ya kunguru. Nzige hataniwi. Nzige ni kiza cha mchana, ni shamba lililokuwa asubuhi na jioni halipo. Kwa hiyo nilipomtoa katika bahasha yangu nzige mmoja aliyetandazwa mabawa juu ya weupe, nilimwona kuwa, kwa Kiswahili fasaha, ni panzi. Kumchora nzige mmoja ni kama kunukuu neno moja la utenzi na kusema umeunukuu utenzi.

Kasoro ya tatu inatugusa sisi watu wa kisiwani, nayo ni ya mahali na ya watu. Mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, kilitoka Leipzig na Heidelberg kitabu cha Mjerumani A. Gerstaecker kuhusu wadudu na jamaa zao wa eneo la Zanzibar, chenye kurasa zaidi ya 500 na kurasa 18 za michoro ya rangi. Ni sehemu ya maandishi yaliyotokana na safari za Baron Carl Claus von der Decken, aliyeuawa mwaka 1865 huko Bardera, kwenye mto Juba. Jina refu la kitabu linatuambia kwa uaminifu kwamba wadudu walikusanywa na Otto Kersten mwaka 1862, na na C. Cooke kisiwani Unguja mwaka 1864. Gerstaecker aliwafanyia kazi Berlin. Mwenye kukifunua leo, na kinapatikana bure katika maktaba za intaneti, atawakuta wadudu wa mashamba yetu wamepangwa safu kwa safu. Atawatambua. Hatakuta mkarafuu wala mnazi, na katika jina la kitabu hatakuta mtu hata mmoja wa Unguja, kana kwamba wadudu wale walijikusanya wenyewe.

Kasanga ilipata hasara nyingine. Bismarckburg zilikuwa mbili: moja hii ya Ziwa Tanganyika, na nyingine kituo kilichoanzishwa Togo mwaka 1888. Mdudu aliyefungiwa kijikaratasi cha "Bismarckburg" tu, bila jina la nchi, humwacha msomaji njia panda, upande mmoja Afrika ya Magharibi na upande wa pili ziwa letu. Neno Kasanga lingemaliza ubishi kwa silabi tatu. Hapa jina la mwenyeji halikuwa suala la heshima peke yake. Lilikuwa suala la usahihi, ule ule usahihi ambao mafundi wa shaba walijivunia.

Msomaji mwadilifu ataniuliza: je, hapakuwa na aliyefanya vyema zaidi? Alikuwapo, naye ni mwanamke. Maria Sibylla Merian alikwenda Suriname mwaka 1699 pamoja na bintiye, akarudi Amsterdam mwaka 1701, na mwaka 1705 akatoa kitabu chenye michoro 60 ya shaba. Merian hakuwalaza wadudu wake juu ya weupe mtupu. Aliwaweka juu ya mmea wanaoula, yai, kiwavi, bundo na kipepeo katika ukurasa mmoja, kiasi kwamba mchoro wake unakwenda kama hadithi. Katika maandishi yake anakiri pia kwamba wanawake waliokuwa watumwa ndio waliomfundisha matumizi ya mmea mmojawapo, na sababu za huzuni zilizowafanya wautumie. Na katika ukurasa wa mkomamanga, alipomchora nyenje, aliandika kuwa watu wa kule walimlinganisha na mpiga kinanda kwa mlio wake. Tazama basi: hata Merian, bora wa wote, alipofika kwenye sauti aliiweka shaba chini akashika kalamu ya maneno.

Hilo ndilo linaloniongoza kwenye hukumu yangu. Mzee wa Kasanga alisema kweli, lakini ukweli wake una pande mbili kama bamba na chapa. Mchoro umeuona mwili ukapoteza sauti, majani, kundi na mahali. Ushairi wetu umehifadhi sauti. Je, umehifadhi mwili?

Hapa sina budi kuanza na nafsi yangu. Miaka mingi iliyopita nilitunga shairi la beti kumi juu ya usiku wa shamba. Nimelisoma tena niliporudi kutoka Kasanga. Neno "mdudu" limo mara nne, na "wadudu" mara mbili. Wadudu gani? Sikusema. Sikusema kwa sababu sikujua, na sikujua kwa sababu sikutazama. Neno lilitosha mizani, nikaridhika. Fundi wa shaba asingepata nafasi ya uvivu huo. Huwezi kumchonga "mdudu". Huna budi kumchonga huyu, mwenye miguu hii, mwenye bawa hili, na ukikosea mshipa mmoja utakuwa umemchonga mwingine. Sheria ya chuma ilimlazimisha kujua. Sheria za vina na mizani zinatulazimisha mambo mengi, lakini hilo hazitulazimishi. Tunapaswa kujilazimisha wenyewe.

Na si mimi peke yangu. Soma diwani zetu za miaka hii uhesabu. Utamkuta kipepeo, kwa kuwa ni mzuri. Nyuki, kwa kuwa ni mchapakazi. Na nzi, kwa kuwa tunamchukia. Lakini yuko wapi kereng'ende? Wako wapi dondola na mavu, ambao babu zetu hawakuwachanganya, maana kuchanganya kulikuwa na malipo ya mara moja? Yuko wapi vunjajungu, ambaye jina lake pekee ni kisa kizima? Majina haya yamo katika kamusi, lakini kamusi nayo ni karatasi nyeupe: jina limetandazwa, limechomwa sindano, haliruki. Jina la mdudu huishi katika kinywa cha mtu anayemwona, na pale ambapo halisemwi, mtoto huonyesha kidole na kusema "mdudu", naye mzazi humjibu kwa neno lilo hilo.

Kuna hatari kubwa kuliko ya ladha ya shairi. Mwaka 1857 David Livingstone alipochapisha kitabu cha safari zake, katika ukurasa wa jina iliwekwa picha ya mdudu mmoja: mbung'o. Wakati huo ilijulikana kwamba huua ng'ombe na farasi. Iliaminika kwamba mwanadamu hamdhuru. Mwaka 1872 Livingstone alipita Ufipa akizunguka kusini mwa ziwa katika safari aliyofia. Ilipofika mwaka 1903, ndipo uchunguzi wa David Bruce huko Uganda ulipoonyesha kwamba mbung'o ndiye anayebeba malale. Picha ile ilikuwa sahihi kwa miaka yote hiyo, na kwa miaka yote hiyo haikujua nusu ya habari ya inayemwonyesha. Kuona vyema kwa jicho moja si kuona kwote. Aliyeishi porini na ng'ombe wake alimjua mbung'o kwa mahali na msimu: usipite hapa, usipite wakati huu. Huo nao ulikuwa mchoro, uliochorwa katika tahadhari.

Kwa hiyo siwashauri watunzi wetu waigeukie michoro ya kale kwa dharau, wala kwa kuisujudia. Nawashauri waitazame kama mwanafunzi wa nakshi anavyoutazama mlango wa fundi wa mtaa mwingine: achukue mkono wake, aache asichokihitaji. Tujifunze kwake kuhesabu miguu kabla ya kuandika. Kisha tumrudishie mdudu vile ambavyo shaba ilimnyang'anya, yaani mlio wake, majani yake, wenzake na jina la kijiji chake.

Usiku ule Kasanga mitumbwi iliondoka, na karabai zikawa mstari wa mianga juu ya maji. Mzee alibaki na nyavu zake. Nikamwuliza kama anaweza kuniambia ni wadudu gani wanaolia wakati ule. Akanyamaza kidogo, akasikiliza, akaanza kuwataja mmoja baada ya mwingine, akisimama kila mara ili nimsikie anayetajwa. Baadhi ya majina yalikuwa ya Kiswahili, mengine ya kwao. Nilikuwa na kalamu lakini nilikuwa sina karatasi tupu, basi niliyaandika mahali palipokuwa na nafasi: pembezoni mwa michoro, kwenye ule weupe.